Ntheo Iliyobaki Wamunyu

Meno mawili ya mbele ninayotafunia mahindi leo ni ya kubandikwa. Yale niliyozaliwa nayo yalibaki kwenye sakafu ya duka langu mjini Machakos, Jumanne, saa nne na robo asubuhi, watu wakipita nje na vikapu vyao kwenda sokoni. Husemwa hasira hasara, na mimi nimesomeshwa methali hiyo na mama yangu, na mwalimu wangu, na mke wangu, na bado haijaniingia. Lakini siku ile ningepigwa hata kama ningekuwa padri.

Kazi yangu ni kupiga picha na video za shughuli za watu. Harusi, mazishi, watoto kubatizwa. Zaidi ya yote, ntheo. Asiyetoka kwetu nimweleze: Ukambani mwanamke hajaolewa mpaka mbuzi wa ntheo achinjwe nyumbani kwa wazazi wake, pande zote mbili zile nyama ile pamoja. Mnaweza kuzaa watoto sita na kujenga nyumba ya mawe. Kama ntheo haikuliwa, siku mume akifa ukoo wake unaweza kukuangalia machoni na kusema wewe ulikuwa mgeni tu hapa, chukua nguo zako. Ndiyo maana watu waliniita zaidi kwa ntheo kuliko kwa harusi. Harusi ni maua. Ntheo ni ushahidi.

Picha hizo zote nilikuwa nikiziweka kwenye mashine tatu za kompyuta. Moja ilikuwa dukani mjini, moja sebuleni kwangu, na ya tatu Wamunyu, ndani ya karakana ya mzee mmoja mchonga vinyago aliyekuwa mwakilishi wangu kule. Sikutaka mtu wa Wamunyu afunge safari mpaka mjini kwa ajili ya picha moja ya marehemu baba yake. Kwa hivyo nikaweka programu inayofanya mashine zisomane kupitia intaneti. Nikiweka video mjini, baada ya muda iko Wamunyu. Nikiifuta mjini, Wamunyu nako inafutika. Programu ile ina pipa la taka linalohifadhi vilivyofutwa kwa siku kadhaa, ili mtu akikosea arudishe. Mimi nilikuwa nimelizima pipa hilo.

Nililizima kwa hasira, kwani kwa nini kingine? Diski ya Wamunyu ilikuwa imejaa kwa sababu ya taka ile ile, video mpya zikakataa kuingia, na bibi harusi mmoja akanitukana mbele ya wateja. Nikaenda Wamunyu moto moto, nikampigia mzee kelele kana kwamba ni yeye aliyetengeneza diski, nikapiga teke kifaru cha mbao alichokuwa akikilainisha, pembe ikakatika. Mzee hakunisemesha wiki nzima. Siku ile ile nikaamuru mashine zote tatu: kinachofutwa kimefutwa. Tena nikaiweka ya Wamunyu iwe inajiwasha yenyewe stima ikirudi, maana mzee alikuwa akiichomoa ili achomeke redio.

Sasa kuna huyu mama. Nilimpigia video ya ntheo miaka sita iliyopita, kwao, chini ya turubai la bluu, mvua ikinyesha. Alikuwa msichana mcheshi, mwenye mwanya. Mumewe alikuwa mkata mawe machimboni, na mwezi huo niliong'olewa meno jiwe likamwangukia akafa. Kabla mwili haujakaa mochari siku mbili, kaka mkubwa wa marehemu akatangaza kwamba hakukuwa na ntheo yoyote. Ile ilikuwa kujulishana tu, akasema, watu walikunywa chai wakaenda. Shamba la marehemu liko kando ya lami, nadhani sihitaji kueleza zaidi.

Alitaka mama mwenyewe aseme hivyo mbele ya wazee wa ukoo. Mama akakataa. Siku ya kwanza shemeji yake akamzaba makofi mbele ya watoto. Siku ya pili akarudi na mshipi wa mashine ya kusaga, ule wa mpira, akamchapa nao mgongoni mpaka nguo ikashikana na ngozi. Siku ya tatu akaja na watu, wakang'oa mabati ya nyumba yake moja moja, na mama alipojaribu kumzuia mmoja asipande ngazi, wakamvunja mkono. Kila siku swali lilikuwa lile lile, na kila siku jibu likawa lile lile: ntheo yangu ililiwa, na wewe ulikuwepo.

Tatizo ni mashahidi. Wazazi wake walikuwa wamekufa wote wawili, shangazi yake aliyebaki hakumbuki hata jana alikula nini, na upande wa mume kila aliyekula mbuzi yule alikuwa akimwogopa shemeji. Ikabaki video yangu. Wazee walipanga kukaa Alhamisi nyumbani kwa chifu, na mama akawaambia waziwazi kwamba fundi wa picha anayo. Heri asingesema. Lakini angejuaje?

Jumatatu alikuja dukani, mkono umefungwa kwa leso, akaniomba nimtilie kwenye flashi. Hapa naomba nijitukane mwenyewe kabla hujanitukana. Sisi mafundi tuna ugonjwa wetu mmoja, tuwe wa viatu, wa redio ama wa picha: njoo kesho. Nilikuwa nahariri harusi ya mwanasiasa mmoja mdogo. Kutafuta ile video na kuinakili ni kazi ya dakika kumi. Nikamwambia, "Njoo Jumatano, mama, utaipata tayari." Akasema asante, akaenda. Akasema asante, haki ya Mungu.

Jumanne ndiyo wakaja. Walikuwa watatu, shemeji mbele, mrefu, koti la kanisani, na nyuma yake wawili wenye vipande vya bomba la maji. Wa mwisho akavuta mlango wa chuma chini, duka likawa giza ila mwanga wa skrini. Shemeji akaniambia bila hata kupandisha sauti kwamba wamekuja kwa ile video ya mbuzi.

Ningeweza kujifanya mjinga. Mtu mwingine angesema video gani, ngoja nitafute, angevuta wakati. Mimi nikamwambia aende akamtafute mbuzi kwa mama yake. Halafu, kwa kuwa maneno hayakunitosha, nikashika stendi ya kamera na kumpiga nayo yule wa karibu kwenye bega. Nilisikia mfupa ukilia. Sitadanganya, nilifurahi.

Furaha hiyo ilikuwa fupi. Bomba la kwanza lilinipata mbavuni, la pili mdomoni, na hapo ndipo meno yakatoka. Nikaanguka juu ya taa za studio, zikapasuka chini yangu, vioo vikaniingia mgongoni. Mmoja alinikanyaga kifuani huku mwenzake akivunjavunja simu yangu kwa kisigino. Yule niliyemvunja bega alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja akilia na kuniita mbwa kwa Kikamba. Kisha shemeji akaninyanyua kwa ukosi, akanikalisha mbele ya kompyuta, akapangusa damu kwenye kibodi kwa kitambaa chake mwenyewe, taratibu, kama mtu anayepangusa meza kabla ya chakula.

"Futa," akasema.

Hapa ndipo nimekuwa nikiwadanganya watu. Niliwaambia polisi, nikamwambia mke wangu, nikawaambia majirani kwamba walinishika mkono kwa nguvu, panga shingoni, wakabonyeza wenyewe kwa kidole changu. Panga halikuwepo. Mkono wangu haukushikwa na mtu. Niliitafuta ile faili mwenyewe, na kwa mara ya kwanza maishani niliipata haraka, nikaibofya, nikaifuta, na nikatoka kwenye folda nikaingia tena ili aone kwamba haipo. Niliogopa. Nilikuwa nimeonja bomba na sikutaka lingine.

Akaniuliza kama ziko nakala nyingine. Nikamwambia mashine zote husomana, ikitoka hapa imetoka kote. Nilimweleza vizuri kabisa, kama namuuzia huduma. Akaitikia kwa kichwa, akanirekebishia ukosi wa shati, akainua mlango wa chuma. Wakaondoka wakimshikilia mwenzao.

Jirani yangu wa mlango wa pili ni mfanyabiashara wa mifugo, Msomali aliyezaliwa hapa hapa mjini, ambaye Kikamba chake kinanishinda mimi. Alinikuta nimepiga magoti nikipapasa chini ya kaunta nikitafuta panga. Nilitaka kuwafuata. Nilikuwa nalia na kutema damu na kumtaja yule mjane na video yake na kusema nitaua mtu leo. Alinikalia. Mtu wa kilo mia hivi, akanikalia juu ya mgongo wenye vioo, akangoja nimalize kutukana.

"Ukiua leo, jirani," akasema, "yule mama atazikiwa mume na nani?"

Nikaacha kujinasua. Akili ikarudi, nikakumbuka Wamunyu. Wamunyu hakukuwa na stima tangu Jumapili, transfoma ilikuwa imelipuka. Ile mashine ya karakana ilikuwa imelala na video ndani yake, haijasikia lolote. Ningependa kusema kwamba nilimficha shemeji jambo hili kwa ujanja. Sikuficha kitu. Nilikuwa nimesahau.

Lakini stima ingerudi, mashine ingejiwasha kama nilivyoiamuru, ingezisoma faili zake kisha ingeuliza wenzake mjini kuna nini kipya, nao wangeiambia: futa ntheo. Nikamwambia jirani anipe simu. Akanipa. Nikaishika nikaitazama kama mtu aliyepewa kitabu cha Kichina, kwa maana nambari ya mzee ilikuwa ndani ya simu yangu, na simu yangu ilikuwa vipande sakafuni. Wewe unaijua nambari ya nani kwa kichwa? Mimi najua ya mama yangu tu, na yeye yuko kaburini.

Jirani alikuwa na lori lake nje, limepakia mbuzi wa kupeleka Athi River kuchinjwa. Alinipakia mbele, akaligeuza likaelekea upande mwingine. Aliniambia twende hospitali kwanza, nikamwambia akikata kona ya hospitali nitaruka. Njia nzima mbuzi walikuwa wakilia nyuma yetu, na kila shimo la barabara lilinikumbusha mbavu zangu moja baada ya nyingine. Tukapita Masii. Nikawa naangalia maduka kama yamewasha taa, lakini mchana huwezi kujua. Nilimwambia jirani aongeze mwendo. Akaniambia mbuzi si mawe. Nikamtukana. Akaongeza.

Tulipoingia Wamunyu nikasikia kinu cha kusaga unga kikinguruma. Kile kinu ni cha stima.

Sikungoja lori lisimame. Nikaingia karakana mbio, nikakanyaga mbao, nikamwona mzee kwenye kigoda chake na ile mashine kwenye kona, taa yake ya kijani inawaka, modemu inapepesa. Sikuwa na pumzi ya kueleza. Nikanyakua tezo kutoka mikononi mwa mzee, ile ya kuchongea, na kuishusha juu ya modemu. Mara moja ikagawanyika. Mara ya pili nikakata waya, na meza, na redio ya mzee iliyokuwa pale. Mzee naye, maskini, anaona mtu mwenye uso wa damu ameingia kwake na kumnyang'anya silaha, afanye nini? Aliokota mguu wa kiti ambao haujalainishwa akanipiga nao kichwani mara mbili kabla hajanitambua. Alipotambua akanipiga mara ya tatu. Nadhani hiyo ilikuwa ya kifaru.

Nikajikokota mpaka kwenye skrini. Programu ilikuwa bado inazisoma faili zake, maelfu ya picha, haijafika mahali pa kuuliza wenzake. Nikafungua folda ya mwaka ule. Turubai la bluu lilikuwa pale. Nilikaa chini kwenye vumbi la mbao nikalia kwa sauti, na mzee akanishikia maji ya kunywa ambayo sikuweza kuyanywa kwa ajili ya mdomo.

Alhamisi tulikaa kwa chifu. Mama alikuwa kwenye benchi upande mmoja, mkono kwenye plasta, peke yake. Upande wa pili ukoo mzima. Mimi nikaweka laptopu juu ya kiti, wazee wakavuta viti vyao wakainama. Picha haikuwa nzuri, matone ya mvua yalikuwa kwenye lenzi. Lakini mtu aliyeshika kisu alionekana vizuri. Alikuwa shemeji mwenyewe, mwembamba kuliko sasa, amekunja mikono ya shati. Akamlaza mbuzi, akachinja, akainuka na mikono yake myekundu, akaigeukia kamera yangu akicheka, akasema, "Kuanzia leo huyu ni wetu. Hata tukizika, tutazika na yeye."

Nilisikia mzee mmoja akivuta ugoro. Kisha shemeji akaruka. Alipiga kiti teke, laptopu ikaenda ukutani, akamfikia mama na kumshika nywele kabla hatujasimama. Wa kwanza kumpiga alikuwa mjomba wake mwenyewe, mzee wa miaka sabini na kitu, kwa bakora, kwenye mkono, kwenye shingo, kwenye sikio, akimwambia kwa kila kipigo kwamba yeye alikula mbuzi yule na amekuwa akiogopa kusema. Wengine wakaingia. Askari wa chifu walipomtoa chini ya miguu ya jamaa zake, koti lilikuwa limebaki upande mmoja. Mimi pia nilimpiga teke. Moja. Nililingoja tangu Jumanne.

Alipokuwa akiburutwa nje akageuka akanielekeza kidole, na hapo hakuwa anapiga kelele tena.

"Muulizeni fundi nani aliifuta," akasema. "Mimi sikuigusa kompyuta yake."

Watu hawakumjali. Walikuwa wakimwinua mama. Lakini mama alinitazama juu ya mabega yao, nami nikajishughulisha na kuokota vipande vya laptopu.

Wazee waliamua saa ile ile: mjane atamzika mumewe, nyumba ni yake, shamba ni la watoto wake, na mabati yarudi juu kabla ya mazishi. Mabati yalirudi nusu. Jumamosi tulizika. Nilikwenda na kamera ya kuazima, mdomo umevimba, nikarekodi kila kitu, na alipotupa udongo wa kwanza kwa mkono wake mzima, nilirekodi hapo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, ili asije mtu akasema hakuwepo.

Watu walipokuwa wakila, alinifuata kando ya nyumba, upande usio na mabati. Nikatoa flashi mbili, moja ya ntheo, nyingine nikamwahidi itakuwa ya mazishi. Akaipokea ile ya kwanza, akaifunga kwenye pindo la leso. Aliniuliza kama ni kweli niliifuta mwenyewe. Nilikuwa na ile hadithi yangu ya panga tayari mdomoni, nimeizoea, inatoka vizuri. Nikamwangalia shingoni, ambako alama ya mshipi ilikuwa imepanda kutoka mgongoni, nikashindwa.

"Ni mimi," nikasema. "Walinipiga, mama."

Akatikisa kichwa polepole. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza, kwa sababu hasira ninaijua jinsi ya kuijibu.

"Mimi walinipiga siku tatu nikane," akasema. "Wewe walikupiga muda gani?"

Mtu alimwita kutoka kwenye sufuria, akaenda kuwapakulia wageni wake. Mimi nikabaki pale nikihesabu, kuanzia mlango wa chuma uliposhuka mpaka kidole changu kilipobonyeza. Hazikufika dakika tano.